Mafua ya Nyasi: Usikae Nyumbani, Jua Majira Yako



Kila mwaka, mvua zinapoanza kupunguka, mwezi wa tatu na wa nne, kuna watu katika makanisa yetu wanaoanza kupiga chafya. Si chafya moja ao mbili. Ni kumi, ni kumi na tano, asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Macho yanawasha na kutoa machozi, pua inatiririka maji meupe kama maji ya kisima, koo inawasha mpaka ndani ya masikio. Wakitembea mbali, wakipanda kinga ao wakicheza mupira, kifua kinabana na kupiga filimbi. Halafu, karibu na mwezi wa saba, wanapona wenyewe, na kila mtu anasahau mpaka mwaka ujao.

Mimi pia ni mmoja wao. Kazi ya pasta hapa Kabondo-Dianda ni kazi ya miguu na ya kinga. Makanisa madogo yako kandokando ya njia ya treni inayotoka Bukama kwenda Kamina, na mengine yako ndani ya nyasi kabisa. Pasta hawezi kuwaambia waamini, "Muningojee mpaka pua yangu ikauke." Tena jioni, mara mbili kwa juma, ninakimbia na vijana wa kanisa kwenye kiwanja cha mupira, maana tangu nilipopita miaka arobaini munganga aliniambia kwamba tansio yangu inataka mwendo.

Basi swali langu, na labda ni swali lako pia, ni hili: mtu ambaye hewa ya nje inamuletea mafua, afanye nini? Akae ndani? Aache mbio, aache shamba, aache kinga? Jibu langu ni hapana. Lakini pia asitoke ovyo ovyo kama mtu asiye na kitu. Ajue majira yake, ajue saa yake, kisha atoke nje.

NI KITU GANI HASA?

Waganga wanaita ugonjwa huu alerji. Neno hilo lilitungwa mwaka 1906 na munganga wa mji wa Vienna, Clemens von Pirquet. Maana yake tunaweza kuieleza hivi: mwili una askari wake wanaopigana na vijidudu. Kwa watu fulani, askari hao wanaona kitu kisicho na ubaya wowote kama vile ni adui. Wanapiga kengele, na mwili unatoa kitu kinachoitwa histamini. Histamini hiyo ndiyo inayofanya pua itoe maji, na macho yawashe na kuvimba.

Na kitu hicho kisicho na ubaya ni nini? Mara nyingi ni unga wa maua, ule ambao vitabu vya shule vinauita chavua. Lakini tuangalie vizuri hapa. Watu wengi wanalaumu maua wanayoyaona kwa macho, yale mekundu na ya manjano yaliyo mbele ya nyumba. Ua lenye rangi na harufu liko pale kwa kuita nyuki. Unga wake ni mzito, unanata, unabebwa na miguu ya nyuki, hauruki mbali. Unga unaotusumbua zaidi ni ule wa mimea isiyohitaji nyuki, inayoachia upepo kazi yote. Na mkubwa wa mimea hiyo kwetu ni nyasi. Nyasi haina ua la kupendeza, hakuna mtu anayeikata aiweke juu ya meza. Lakini shuke lake linamwaga chembe nyingi mno, ndogo sana, hata ukizipanga 30 kwa mstari mmoja zinafika karibu milimita moja tu. Macho hayazioni. Pua inazijua.

Sasa fikiri juu ya inchi yetu. Mvua inaanza mwezi wa kumi na kwisha mwezi wa nne. Miezi hiyo yote nyasi zinakua mpaka zinapita kichwa cha mtu, na mwisho wa mvua zile nyasi ndefu tunazoezekea nyumba zinatoa mashuke yake. Ile nyasi fupi inayotambaa kwenye viwanja vya mupira na kando ya barabara nayo inatoa mashuke kila inapopata maji. Hata mahindi ni ndugu ya nyasi. Unga wa mahindi ni mzito, unaanguka karibu, lakini mama anayepita katikati ya mistari ya shamba wakati huo anaweza kutoka na macho mekundu.

Musifikiri kwamba ni ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1819 munganga Mwingereza, John Bostock, mtu wa miaka arobaini na kitu kama mimi, alisimama mbele ya waganga wenzake kule London akaeleza mafua yaliyomshika kila mwaka tangu utoto wake, wakati wa joto. Yeye alifikiri ni jua na joto. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kujua. Mwaka 1873 munganga mwingine, Charles Blackley wa Manchester, ambaye naye alikuwa mgonjwa wa mafua hayo, alitoa kitabu cha majaribio aliyofanya juu ya mwili wake mwenyewe. Alijipaka unga wa nyasi, akaona ugonjwa unakuja, hata wakati ambapo haukuwa majira yake. Hivyo dunia ikajua mukosaji ni nani.

SABABU GANI MBIO ZINAUZIDISHA?

Pua ni mlango ambao Mungu aliuwekea mlinzi. Manyoya na ute vinakamata uchafu, hewa inapashwa moto na kulowanishwa kabla ya kufika kwenye mapafu. Mtu aliyeketi anavuta lita 6 mpaka 8 za hewa kwa dakika moja, na pua inatosha. Lakini akikimbia kwa nguvu anaweza kuvuta hata lita 100 kwa dakika. Pua haitoshi tena, anafungua kinywa. Hapo hewa inapita bila mlinzi, kavu, na yote iliyobeba inashuka kifuani. Kwa hiyo mtu mwenye alerji akikimbia katikati ya nyasi zenye mashuke, anakula unga huo mara kumi zaidi kuliko jirani yake aliyeketi kwenye kivuli cha mwembe.

Kuna wengine ambao ugonjwa unabaki puani tu. Kuna wengine ambao unashuka na kuwa asima: njia za hewa zinabana, kifua kinapiga filimbi, hasa baada ya mbio. Pua na kifua ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Moto ukiwaka katika chumba kimoja, usikae kimya ukisema cha pili kiko salama.

Ninyi wasomaji wa Kolwezi, wa Likasi, wa Fungurume, mutasema, "Pasta, sisi kwetu ni mavumbi ya makamyo." Ni kweli, na tofauti ni muhimu kuijua. Mavumbi na moshi vinamkwaruza kila mtu. Alerji inachagua mtu. Lakini yule ambaye pua yake imekwisha kuvimba kwa sababu ya nyasi, mavumbi yanamusukuma kwenye shimo. Ndiyo sababu kwa wengine taabu haiishi mwezi wa tano: nyasi zinakauka, halafu mavumbi ya kiangazi na moto wa pori vinaendelea mpaka mwezi wa tisa. Na kuna jambo la tatu tena. Mavumbi ya mawe, yale ya kutoboa na kuponda mwamba, yakivutwa miaka na miaka yanaacha makovu ndani ya mapafu. Hayo si alerji, na dawa ya mafua haiyagusi. Mchimbaji ambaye pumzi yake inapunguka mwaka hata mwaka, bila majira, aende kupigwa radio ya kifua.

MUKIMBIAJI WA ETIOPIA

Vijana wanapenda mufano wa mtu wanayemjua. Haile Gebrselassie alizaliwa mwaka 1973 karibu na Asella, Etiopia, katika nyumba ya walimaji. Alishinda mbio za mita 10,000 kwenye michezo ya Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996 na kule Sydney mwaka 2000. Mtu huyo ana asima.

Mwezi wa nne mwaka 2007 alikwenda kukimbia maratoni ya London. Mwezi huo ndio miti mingi ya Ulaya inatoa unga wake. Karibu na kilomita ya 30 alisimama, hakuweza kuvuta pumzi. Alieleza kwamba ni unga wa maua uliomufunga. Martin Lel wa Kenya akashinda siku ile. Wengi wangesema, "Basi, imekwisha, amezeeka." Lakini mwezi wa tisa mwaka ule ule, kule Berlin, wakati unga wa masika umekwisha, Haile alikimbia maratoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 26, na hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia haraka hivyo mbele yake.

Mwaka 2008 ilikuwa Olimpiki ya Beijing. Haile alikataa kukimbia maratoni kule kwa sababu ya hewa chafu ya mji, akiogopa kifua chake. Alikimbia mita 10,000 tu, akawa wa sita. Wiki chache baadaye alirudi Berlin, akavunja tena alama yake mwenyewe: saa 2, dakika 3 na sekunde 59.

Munaona alivyofanya? Hakuacha mbio, wala hakujitupa katika kila hewa kusudi watu wamuone ni shujaa. Alichagua mahali na wakati. Kama mtu mwenye mapafu yale alihitaji kuchagua, wewe na mimi ni nani tusichague?

SI BULOZI, TENA SI KIFUA KIKUU

Sasa nifike kwenye neno lililonisukuma kuandika.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kwetu, wa miaka 15, mchezaji mwema wa mupira, alianza kushikwa kila mwaka baada ya Pasaka. Chafya, macho, halafu kifua. Siku moja alianguka kiwanjani akitafuta pumzi. Mjomba wake alikuja kwangu usiku, pamoja na wanaume wengine wawili wa jamaa. Akasema, "Ba Pasta, huyu mutoto banamuloga. Kila mwaka ile miezi tu. Na siye tunajua ni nani." Walikuwa wanamusema nkambo, mama mzee mjane aliyeishi katika nyumba ile ile, ambaye alimulea kijana huyo tangu alipoachishwa ziwa. Walitaka nimuombee kijana, kisha nikubali mzee aondoke.

Munajua, wapendwa, maana ya neno "aondoke" katika vijiji vyetu. Mama mzee asiye na mume wala shamba, akitoka na jina la mulozi, anakwenda wapi? Nani atamufungulia mlango?

Niliwaomba mambo mawili. Kwanza, kijana afike kituo cha afya. Pili, tutwae kalenda ya kanisa tuipachike ukutani, na kila siku ambayo kijana anapiga chafya ao anabanwa, mama yake atie alama ya msalaba kwa kalamu. Mwaka mzima. Na mwaka ule nkambo abaki. Mjomba hakupenda, lakini baba ya kijana alikubali.

Infirmie alimusikiliza kifua, akatuma makohozi kupimwa, hayakuwa na kifua kikuu. Akampa pompe ya salbutamol na vidonge. Na kalenda ilisema yake. Mwezi wa kwanza, alama chache. Mwezi wa tatu zikaanza kushikana. Mwezi wa nne karatasi ilikuwa nyeusi. Mwezi wa saba, karibu hakuna kitu. Na katikati ya ule mwezi wa nne, nkambo alikuwa Malemba-Nkulu kwa matanga ya ndugu yake, wiki tatu nzima. Mjomba akasema, "Mulozi, njia ndefu si kitu kwake." Nikamujibu, "Sawa, ndugu. Lakini mulozi wa namna gani anangojea nyasi zitoe mashuke? Mulozi gani ambaye mvua ya siku mbili inamupumzisha?" Maana alama zilikosekana siku zote mvua ndefu ya polepole iliponyesha.

Mjomba hakuitika, na mpaka leo sijui moyo wake. Lakini nkambo alibaki katika nyumba yake. Kijana anacheza mupira.

Tufungue Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanaona mtu kipofu, na neno la kwanza linalotoka kinywani mwao ni kutafuta mwenye kosa: ni yeye ao ni wazazi? Bwana Yesu alikataa swali hilo. Alishughulika na macho ya yule mtu. Nasi tufanye vile. Mbele ya kutafuta nani, tutafute nini na lini.

Lakini nisieleweke vibaya. Kikohozi hakiwi alerji kwa sababu pasta ameandika. Alerji haileti homa. Ute wake ni mweupe na mwepesi, kuna kuwasha kwingi, inakuja na kwenda na majira. Kifua kikuu hakiwashi macho. Ukikohoa wiki mbili ao zaidi, ukipata homa ya jioni, jasho la usiku, ukikonda, ao ukiona damu katika makohozi, usingojee kalenda. Kwenda lupitalo upimwe.

NAMNA YA KUISHI NAYO

Kwanza, weka kalenda. Haina bei. Tia alama siku mbaya, na uandike ulikuwa wapi: shamba, kiwanja, jikoni kwenye moshi. Baada ya mwaka mmoja utajua majira yako kuliko munganga yeyote. Wengine watagundua kwamba taabu yao haina majira, iko kila usiku ndani ya nyumba. Hao watazame mavumbi ya godoro, mende na moshi wa makala.

Pili, chagua saa. Nyasi nyingi zinafungua mashuke asubuhi, umande unapokauka, na upepo unainua unga huo. Ukiweza, toka mapema kabisa nyasi zikiwa bado na maji. Siku ya upepo mkavu ni mbaya. Baada ya mvua ndefu ya polepole hewa imeoshwa, hiyo ndiyo saa ya mbio. Lakini jihadhari na mwanzo wa tufani. Mji wa Melbourne, Australia, tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka 2016, tufani ya radi ilikuja wakati hewa imejaa unga wa nyasi, ikaupasua vipande vidogo vinavyoingia ndani ya mapafu. Maelfu ya watu walikimbilia lupitalo na watu 10 walikufa, hata wengine ambao hawakujua kwamba wana asima. Mawingu meusi yakikusanyika, mwenye kifua aingie nyumbani, afunge madirisha.

Tatu, chagua njia. Afazali barabara pana kuliko kinjia kinachopita katikati ya nyasi zinazokugusa uso. Katika mji, afazali njia isiyo na makamyo. Funika pua na kinywa; zile maske za kitambaa za wakati wa Corona mwaka 2020, wengi bado wanazo ndani ya sanduku. Juu ya kinga, vaa lunete na kofia. Paka vazelini kidogo kwenye mdomo wa pua, inashika unga.

Nne, anza polepole. Tembea, kisha kimbia kidogo, dakika 10 mpaka 15, kifua kizoee. Vuta hewa kwa pua muda wote unaoweza. Kocha asimwite mvivu kijana anayeomba kupumzika kwa sababu ya pumzi. Amuweke kando, amuache aketi, si kumulaza.

Tano, ukirudi, acha nje kwa nje. Nawa uso na nywele, badilisha nguo, usilale kitandani na shati la kiwanjani. Katika miezi ile, mashuka yasianikwe juu ya nyasi. Pua inaweza kuoshwa kwa maji ya chumvi: nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Nasema yaliyochemshwa. Maji ya mto ao ya kisima yasiingie puani mabichi.

Sita, dawa. Kile kidonge cha zamani, klorofeniramini, kinasaidia lakini kinaleta usingizi. Mtu atakayepanda moto, atakayeshuka shimoni ao atakayeshika mashine asikimeze. Setirizini na loratadini havilewi sana, na vinafaa zaidi vikimezwa kabla ya taabu kuanza. Kuna dawa ya kupuliza puani ambayo inatuliza uvimbe, lakini inataka kutumiwa kila siku, na nguvu yake inaonekana baada ya siku nyingi. Mwenye pompe ya salbutamol aitumie robo saa kabla ya mbio kama munganga alivyomuonyesha, na aiweke mfukoni, si nyumbani. Akiihitaji kila siku, arudi kwa munganga, maana kuna pompe nyingine ya kutuliza kifua kila siku.

Na hapa ninawasihi: achaneni na vidonge vya dexa vinavyouzwa sokoni moja moja. Ni kweli vinafungua pua haraka. Lakini vikimezwa ovyo vinapandisha tansio na sukari, vinavimbisha uso, vinadhoofisha mifupa, na kuviacha kwa ghafula ni hatari.

Saba, alama za kukimbilia lupitalo bila kungoja: mtu hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumua, mbavu zinaingia ndani, midomo inakuwa ya rangi ya majivu ao bluu, ao pompe haileti nafuu. Wakati huo muombee mukiwa njiani, si mbele ya kuondoka.

Nane, salongo. Tunakata nyasi kwa kupekupe siku ya salongo, lakini mara nyingi tunakata zikiwa na mashuke tayari, na tunawatuma watoto. Tukate mapema, mwezi wa pili, mbele mashuke hayajatoka: uwanja wa shule, kiwanja cha mupira, pembeni ya lupitalo na ya kanisa. Upepo utaleta unga wa mbali, ni kweli, lakini ule wa karibu utapunguka. Na mwenye alerji apewe kazi nyingine, kuteka maji ao kufagia mufereji. Kumulinda ndugu namna hiyo ni upendo, na hakuna bei.

MANENO YA MWISHO

Wengine wananiuliza kama ni vizuri pasta kukimbia, maana Paulo alimwandikia Timoteo kwamba mazoezi ya mwili faida yake ni kidogo. Nawajibu: kidogo si bure. Tena barua ile ile, mbele kidogo, Paulo anamushauri kijana huyo juu ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia kwamba imani yake ni pungufu kwa sababu anaugua mara kwa mara. Alimpa shauri la kutunza mwili.

Basi, ndugu na dada, mwenye mafua ya nyasi asione haya, wala asiache uimbaji, shamba ao mupira. Waganga wanasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo kwa juma, na mama anayelima na kubeba maji amekwisha kuzipita. Hatuwezi kumfungia huyo ndani. Tunaweza kumupa kitambaa cha pua, saa nzuri na dawa inayofaa.

Na ninyi wazazi, wajomba, wazee wa jamaa: kama katika nyumba yenu kuna mtoto anayeshikwa miezi ile ile kila mwaka, na kuna mama mzee ambaye macho ya watu yameanza kumugeukia, nunueni kalenda moja leo. Muipachike ukutani. Muandike mwaka mmoja mbele hamujasema neno moja juu ya mtu.

Bwana awape pumzi, na amani katika nyumba zenu. Amina.